Herekali wa Historia na Herekali wa Utenzi: Maisha na Utawala wa Kaisari Heraclius (610–641)



1. Utangulizi

Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana mapema na jina la Herekali. Hukutana nalo katika utenzi uliotungwa Pate na Bwana Mwengo bin Athumani, ambao hati yake ina tarehe inayolingana na mwaka 1728. Utenzi huo hujulikana kwa majina mawili: Utenzi wa Tambuka na Chuo cha Herekali. Jina la kwanza ni la mahali, yaani Tabuk, kaskazini mwa Bara Arabu. Jina la pili ni la mtu. Mwanafunzi akiuliza mtu huyo ni nani, hujibiwa kwa ufupi kwamba ni mfalme wa Warumi aliyepigana na Waislamu akashindwa. Jibu hilo humtosha anayejiandaa kwa mtihani, lakini halimtoshi anayetaka kuuelewa utenzi wenyewe, wala anayetaka kujua ni kwa nini mshairi wa visiwa vya Lamu, miaka zaidi ya elfu moja baada ya kaisari huyo kufa, aliona kwamba habari zake zinastahili beti zaidi ya elfu moja za Kiswahili.

Mhadhara huu una shabaha ya kumtazama Herekali wa historia, yaani Kaisari Heraclius aliyetawala dola ya Rumi kutoka mwaka 610 hadi 641, kisha kumlinganisha na Herekali wa utenzi. Hoja yangu kuu ni moja. Herekali wa utenzi anashindwa vitani kwa upanga. Herekali wa historia alishindwa kwa namna nyingine: alishinda vita vikubwa kuliko vyote vya zama zake, na gharama za ushindi huo, pamoja na yale aliyoyafanya baada yake, ndizo zilizomwacha mtupu siku adui wa pili alipobisha hodi.

Kabla ya kuendelea, hapana budi kuondoa utata wa jina. Vitabu vingi vya historia huiita dola ya Heraclius kwa jina la Bizanti. Jina hilo lilipata nguvu miongoni mwa wataalamu wa Ulaya baada ya dola yenyewe kwisha kuanguka mwaka 1453. Watu wa Constantinople walijiita Warumi, ingawa wengi wao walizungumza Kigiriki. Waarabu nao waliwaita Rum, na Kurani ina sura nzima yenye jina hilo. Kwa hiyo Bwana Mwengo alipowataja Warumi hakukosea. Alilitumia jina ambalo wenyewe waliliridhia.

2. Kutoka Carthage hadi kiti cha enzi

Heraclius alizaliwa karibu na mwaka 575 katika familia yenye asili ya Armenia. Baba yake, aliyeitwa Heraclius vilevile, alikuwa jemadari, na baadaye akafanywa gavana mkuu wa Afrika, makao yake yakiwa Carthage, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Ikumbukwe kwamba wakati huo jina la Afrika lilikuwa la jimbo hilo la kaskazini tu. Hivyo basi, kaisari tunayemzungumzia aliianzia safari ya kwenda kwenye ukaisari katika ardhi ya Afrika.

Sababu ya safari hiyo ilikuwa fitina ya Constantinople. Mwaka 602 askari wa mpakani mwa mto Danube waliasi. Ofisa wao mmoja, Phocas, alimwua Kaisari Maurice pamoja na wanawe, akajitawaza. Khosrow wa Pili, mfalme wa Uajemi, alikuwa amerudishiwa ufalme wake hapo awali kwa msaada wa huyo Maurice. Mauaji hayo yakampa kisingizio cha kulipa kisasi, naye akavuka mpaka kwa jeshi. Mwaka 608 gavana wa Carthage akaukana utawala wa Phocas, akakata shehena za nafaka zilizolisha mji mkuu. Mpwa wake Nicetas aliongoza jeshi kwa nchi kavu hadi Misri, naye mwanawe Heraclius akaongoza msafara wa merikebu. Mwezi wa Oktoba 610 merikebu hizo zilifika Constantinople, na watu wa mji wakamgeuka Phocas.

Mwandishi Nikephoros, aliyekuja kuwa Patriaki wa mji huo, anasimulia kwamba Phocas aliletwa mbele ya Heraclius akiwa amefungwa. Heraclius alimwuliza kama hivyo ndivyo alivyoitawala dola. Phocas akamjibu kwa swali: je, wewe utaitawala vizuri zaidi? Aliuawa siku hiyohiyo, na siku hiyohiyo, tarehe 5 Oktoba, Heraclius akavikwa taji. Jibu la swali la Phocas lilichukua miaka thelathini kupatikana, na ndilo hasa tunalolitafuta katika mhadhara huu.

3. Miaka ya dhiki

Kwa miaka kumi na miwili ya mwanzo jibu lilikuwa baya. Jaribio la kuwazuia Waajemi karibu na Antiokia mwaka 613 lilishindwa, na Dameski ikatekwa. Mwaka 614 ukatekwa mji wa Yerusalemu. Watu wengi waliuawa, na mabaki yaliyoheshimiwa kuwa ya Msalaba wa Yesu yakachukuliwa hadi Ctesiphon, mji mkuu wa Uajemi, ulio karibu na Baghdad ya leo. Kwa Wakristo wa dola hiyo tukio hilo halikuwa hasara ya vita tu. Walilitafsiri kuwa ishara kwamba Mungu amewaacha. Mwaka uliofuata Waajemi walifika Chalcedon, ng'ambo tu ya mlangobahari, mahali ambapo wakazi wa Constantinople waliweza kuuona moshi wa mioto yao. Mwaka 619 Aleksandria nayo ikaanguka, na pamoja nayo Misri, ghala la nafaka la dola.

Hazina ilikuwa tupu. Mwaka 615 ilitolewa sarafu mpya ya fedha, na kwa sarafu hiyo malipo ya dola yakatolewa kwa nusu ya kiwango cha zamani. Maandishi yake yalikuwa maombi: yalimsihi Mungu awasaidie Warumi. Si kawaida kwa dola kuandika unyonge wake juu ya fedha yake yenyewe. Mwaka 618 mgao wa mkate wa bure, ambao wakazi wa mji mkuu walikuwa wakiupata kwa karne kadhaa, ukasitishwa. Katika kipindi hicho, anaeleza Nikephoros, Heraclius aliazimia kuuhama mji na kurudi Carthage. Patriaki Sergius akamwapisha kanisani kwamba hataondoka. Naye hakuondoka.

Kiapo hicho kilifungua njia ya makubaliano ya aina yake. Kanisa liliikopesha dola mali yake. Vinara, sahani na vyombo vya dhahabu na fedha viliyeyushwa, vikapigwa kuwa sarafu za kuwalipa askari. Tendo hilo lina mambo mawili ndani yake. Kwa upande mmoja lilivipa vita sura ya kutetea imani, na hilo liliwatia askari moyo. Kwa upande wa pili lilikuwa deni, na kila deni lina siku yake ya kulipwa.

4. Vita vya Uajemi

Heraclius aliondoka Constantinople mwezi wa Aprili 622. Kwa mwanafunzi wa historia ya Uislamu mwaka huo hauhitaji maelezo, kwani ndio mwaka wa Hijra. Kaisari mmoja anaondoka mji wake kwenda kuikomboa dola ya kale. Mtume Muhammad anaondoka Makka kwenda Madina, na huko unazaliwa umma mpya. Waandishi wa Constantinople walilitazama tukio la kwanza tu, na wala hatuwezi kuwalaumu kwa kutoliona la pili.

Makaisari walikuwa wameacha kuongoza majeshi wenyewe kwa muda wa karne mbili hivi. Heraclius aliufufua utaratibu huo wa kale. Aliwafunza askari wake katika Asia Ndogo. Badala ya kwenda kuikomboa Sham au Misri, ambako Waajemi walimtarajia, akapinda kaskazini kupitia Armenia na kuingia ndani ya Uajemi kwenyewe. Kwa vile Yerusalemu ilikuwa imenajisiwa, majeshi yake yalilibomoa hekalu kuu la moto la Waajemi, katika eneo ambalo leo ni kaskazini-magharibi mwa Irani. Vita vya dola mbili vikawa pia vita vya madhabahu mbili.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 626. Waavari kutoka kaskazini, pamoja na Waslavi waliokuwa chini yao, waliuzingira mji wa Constantinople, huku Waajemi wakingoja upande wa pili wa maji. Kaisari alikuwa mbali vitani, wala hakurudi. Mji ulitetewa na Patriaki Sergius na ofisa Bonus. Merikebu za Warumi zilizizamisha mashua za Waslavi, Waajemi wakakosa namna ya kuvuka, na Waavari wakaondoka baada ya siku kumi hivi.

Mwaka uliofuata Heraclius aliungana na Waturuki wa nyika za kaskazini mwa milima ya Caucasus, kisha akateremka kuelekea Mesopotamia wakati wa baridi, msimu ambao majemadari wengi hupumzika. Tarehe 12 Desemba 627 alilishinda jeshi la Waajemi karibu na magofu ya Ninawi. Akaendelea hadi Dastagird, jumba alilolipenda Khosrow, akaliteketeza. Mwezi wa Februari 628 wakuu wa Uajemi walimwondoa Khosrow madarakani, naye akauawa kwa ridhaa ya mwanawe aliyemrithi. Mfalme mpya akaomba amani. Misri, Sham na Palestina zikarudishwa kwa Rumi, na Msalaba nao ukarudishwa.

Sura ya thelathini ya Kurani hufungua kwa kulitaja jambo hili hasa: Warumi wameshindwa katika ardhi ya karibu, nao watashinda katika miaka michache ijayo. Wafasiri wa Kiislamu wameeleza kwamba Waislamu wa Makka waliegemea upande wa Warumi kwa sababu walikuwa watu wa Kitabu, ilhali washirikina wa Makka waliwafurahia Waajemi. Hapa pana funzo kwa msomaji wa Tambuka. Katika kumbukumbu ya Kiislamu Rumi haikuanza kama adui. Ilianza kama jirani aliyetakiwa heri.

5. Ushindi uliokula mtaji wake

Mwaka 630 Heraclius aliupeleka Msalaba Yerusalemu kwa mikono yake mwenyewe. Laiti angalikufa mwaka huo, huenda historia ingalimweka pamoja na Augusto na Konstantino. Lakini aliishi miaka kumi na mmoja zaidi.

Tukiitazama dola aliyoirudisha tunakuta mambo matatu. La kwanza ni uchovu wa mali. Vita vilikuwa vimechukua miaka ishirini na mitano. Miji ya Asia Ndogo ilikuwa imechomwa, mikopo ya Kanisa ilidaiwa, na dola ilibana matumizi. Theophanes anasimulia kwamba Waarabu wa mpakani, waliozoea kulipwa na Rumi ili walinde njia za jangwani, walinyimwa malipo yao na kufukuzwa kwa matusi na mtunza fedha mmoja, wakaenda kujiunga na ndugu zao. Hata tukiichukua simulizi hiyo kwa tahadhari, inaonyesha kwamba Warumi wenyewe walikumbuka mahali ambapo ukuta wao ulitoboka.

La pili ni mgawanyiko wa imani. Tangu Mtaguso wa Chalcedon wa mwaka 451, Wakristo wengi wa Misri na Sham walikataa mafundisho rasmi kuhusu asili mbili za Kristo. Watu hao walikuwa wamekaa chini ya Waajemi kwa miaka kumi na zaidi bila kuingiliwa na maaskofu wa Constantinople. Heraclius alitaka kuwaunganisha wote kwa maneno ya mapatano, na mwaka 638 akatoa tangazo kwamba Kristo ana utashi mmoja. Mapatano hayo hayakumridhisha yeyote. Waliokuwa na Chalcedon waliyaona kuwa ni upotofu, na wapinzani wa Chalcedon wakayaona kuwa ni mtego. Huko Misri Patriaki Cyrus, ambaye alikuwa pia mtawala wa kiserikali, alitumia nguvu. Kumbukumbu za Wakopti zinamtaja kwa uchungu hadi leo.

La tatu ni dhuluma kwa wachache. Wayahudi wa Palestina walishtakiwa kwamba waliwasaidia Waajemi, na katika miaka ya 630 kaisari akaamuru Wayahudi wa dola nzima wabatizwe kwa lazima. Mtawala aliyeirudisha nchi hakuwarudisha wenye nchi. Aliteka upya ardhi, akaacha mioyo ya wakazi wake nje ya ngome.

6. Yarmuk na mwisho wa kaisari

Mapambano ya kwanza kati ya Waislamu na majeshi ya upande wa Rumi yalikuwa Mu'ta mwaka 629, ambako Zayd bin Haritha, Jaafar bin Abi Talib na Abdallah bin Rawaha waliuawa, na Khalid bin Walid akawaondoa waliosalia. Mwaka 630 Mtume mwenyewe aliongoza jeshi kubwa hadi Tabuk. Hapo hapakuwa na vita: jeshi la Rumi halikutokea, mapatano yalifanywa na miji ya jirani, na Waislamu wakarudi Madina.

Vita vilikuja baada ya kufa kwa Mtume. Dameski ilichukuliwa, na mwezi wa Agosti 636 majeshi mawili yalikutana kando ya mto Yarmuk, ulio leo mpakani mwa Syria na Jordan. Heraclius hakuwapo uwanjani. Alikuwa Antiokia, mgonjwa, mwenye umri wa miaka sitini hivi, akiendesha vita kwa barua na majemadari wasioelewana. Jeshi la Rumi liliangamia. Wanahistoria wa Kiarabu, akiwamo al-Baladhuri, wanasimulia kwamba alipoiacha Sham aliiaga kwa huzuni kama mtu anayeiaga nchi nzuri anayojua ya kwamba haitarudi kwake. Si jambo dogo kwamba maneno ya kuaga yaliyokumbukwa zaidi ya kaisari huyu yalihifadhiwa na wale waliomshinda. Kufikia mwaka 638 Yerusalemu ilikuwa imekabidhiwa kwa Khalifa Umar bin Khattab. Uajemi, ambayo Heraclius aliivunja nguvu, nayo ilikuwa ikianguka mikononi mwa jeshi jingine la Waislamu. Dola mbili zilizopigana miaka ishirini na mitano zilikuwa zimetengenezeana kaburi.

Nikephoros ameacha picha moja ya kaisari huyo akirudi nyumbani. Alipofika ukingo wa Asia, mkabala na mji wake, aliingiwa na hofu ya bahari, akakaa siku nyingi katika kasri ya Hieria akikataa kuvuka. Hatimaye mashua zilipangwa zikafungwa pamoja kuwa daraja, na matawi ya miti yakawekwa pande zote mbili ili asiyaone maji. Akavuka akiwa juu ya farasi. Mtu huyu ndiye aliyekuja kwa merikebu kutoka Carthage miaka isiyozidi thelathini kabla ya hapo.

Alifariki tarehe 11 Februari 641 kwa ugonjwa wa kujaa maji mwilini. Aliacha pia fitina nyumbani. Mke wake wa pili, Martina, alikuwa binti wa dada yake, na ndoa hiyo ilikuwa haramu kwa sheria za Kanisa. Urithi aliugawa kati ya mwana wa mke wa kwanza na mwana wa Martina. Wa kwanza alikufa baada ya miezi michache, na kabla ya mwaka kwisha Martina alikatwa ulimi na mwanawe akakatwa pua, wote wawili wakapelekwa uhamishoni. Mwaka 642 majeshi ya Amr bin al-As yakaingia Aleksandria.

7. Herekali watatu

Tumepata basi Herekali wangapi? Mimi nahesabu watatu, na kila mmoja ana mshairi au msimulizi wake.

Wa kwanza ni wa Constantinople. Mshairi wa kasri, George wa Pisidia, alizisifu safari za vita za Heraclius kwa tungo ndefu za Kigiriki, akamfananisha na mashujaa wa kale na wa Biblia. Ushairi wake ni hazina kwa mwanahistoria. Lakini katika tungo zake zilizotufikia hamna wimbo wa Yarmuk. Ushairi wa kasri hukoma pale ambapo habari njema hukoma.

Wa pili ni wa hadithi za Kiislamu. Katika Sahihi ya Bukhari imo simulizi ndefu ya Abu Sufyan, aliyekuwa Sham kwa biashara, akaitwa mbele ya Hirqal barua ya Mtume ilipofika. Hirqal anamwuliza maswali kwa mpango: nasaba ya Mtume ikoje, wafuasi wake ni wakubwa au wanyonge, wanaongezeka au wanapungua, je, aliwahi kuvunja ahadi? Kutokana na majibu anatambua ukweli wa jambo lile. Lakini wakuu wake wanapopiga kelele na kukimbilia milangoni, anarudi nyuma, akisema alikuwa anawapima tu. Herekali huyu ni mwenye akili na mwenye kuuogopa ufalme wake usimtoke. Ni mtu wa kusikitikiwa zaidi ya kuchukiwa.

Wa tatu ni wa Pate. Bwana Mwengo aliufuata mkondo wa visa vya Kiarabu vya vita vya Mtume, visa ambavyo vilikuwa vimekwisha kuikuza safari ya Tabuk hata ikawa vita vikubwa. Katika utenzi wake Herekali anapelekewa barua ya kuitwa kwenye Uislamu, anakataa, na majeshi yanakutana, Ali akiwa shujaa mkuu. Tukimpima kwa kipimo cha mwanahistoria tutasema amekosea, kwa kuwa Tabuk hapakuwa na vita. Lakini kipimo hicho hakimfai. Carl Meinhof alipouchapisha utenzi huo mwaka 1911, na Jan Knappert alipouandikia tasnifu yake mwaka 1958, waliuchunguza zaidi kama hati ya lugha na kama mfuatano wa matini. Lipo swali jingine la kuuliza: wasikilizaji wa Pate walimsikiaje kaisari huyu?

Tuutazame mwaka 1728. Mwezi wa Machi mwaka huo Wareno walirejea Mombasa na kuitwaa tena Ngome ya Yesu, wakisaidiwa na mfalme wa Pate aliyekuwa akitafuta nguvu dhidi ya Waomani. Urafiki huo ulivunjika upesi, na mwishoni mwa mwaka 1729 Wareno walitolewa Mombasa, wasirudi tena kuitawala. Kwa hiyo hati ya utenzi unaohusu mfalme mkubwa wa Kikristo mwenye majeshi mengi ina tarehe ya wakati ambapo watu wa Pate walikuwa wakiishi na swali la namna ya kukaa na dola kubwa ya Kikristo yenye merikebu nyingi. Sisemi kwamba Herekali ni jina la fumbo la Mreno. Nasema kwamba msikilizaji wa wakati huo hakuhitaji kuelezwa maana ya jeshi la kigeni linalotoka ng'ambo. Alilijua.

Na hapa ndipo thamani ya adui mkubwa inapoonekana. Utenzi haumtwezi Herekali hata akawa mdogo. Unampa majeshi, mali na kiburi, kwa kuwa ushindi dhidi ya mnyonge hauna cha kuimbwa. Bwana Mwengo, bila ya kuwasoma Theophanes wala Nikephoros, alihifadhi jambo moja ambalo ni kweli ya historia: kwamba huyu alikuwa mtawala mkubwa kabisa wa zama zake.

8. Hitimisho

Rumi haikutufikia katika utenzi tu. Tunaposema kaisari, dinari, kasri, karatasi na kanuni tunatumia maneno ambayo yalitoka katika Kilatini au Kigiriki, yakapita katika Kiarabu, yakatia nanga katika Kiswahili. Neno dinari lina historia inayomgusa Heraclius mwenyewe. Baadhi ya dinari za mwanzo zilizopigwa Sham chini ya Waislamu ziliiga sarafu yake ya dhahabu, ile inayomwonyesha amesimama na wanawe wawili, ila misalaba iliharibiwa umbo. Baadaye tu, karibu na mwaka 697, Khalifa Abd al-Malik akatoa dinari isiyo na sanamu. Kwa muda fulani, basi, dola iliyomshinda kaisari iliendelea kuitumia sura yake.

Nawasihi wanafunzi wa fasihi wasiusome Utenzi wa Tambuka kama kitabu cha historia, na wanafunzi wa historia wasiutupe kwa kuwa si kitabu cha historia. Historia inajibu swali la namna dola kubwa inavyoweza kushinda vita ikapoteza nchi. Utenzi unajibu swali la namna watu wa mji mdogo wa pwani wanavyojipa moyo mbele ya dola kubwa. Anayesoma kimoja bila ya kingine atamjua nusu tu ya Herekali.

Ama swali la Phocas, kama Heraclius angetawala vizuri zaidi, jibu la haki ni hili: alipigana vizuri zaidi. Kutawala ni kitu kingine. Alikomboa majimbo ambayo wakazi wake hakuwasikiliza, akalipia ushindi kwa mali ambayo hakuweza kuirudisha, na alipohitaji kutetewa na watu wa Sham na Misri, wengi wao hawakuona sababu ya kumfia. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kaisari huyu alisifiwa sana mwaka 630.